Siku Wifi Aliponikanyaga

Asubuhi moja wifi yangu alinikanyaga mguu, akabaki amesimama juu yake, na mimi sikujua.

Alikuwa amebeba sahani za chai, anagombana na redio ya jirani, kisigino chake kiko juu ya vidole vyangu vya mguu wa kushoto. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, namjibu, kwa sababu mwanamke yule akigombana na redio lazima mtu amjibu. Tukaendelea hivyo, yeye anapandisha sauti, mimi napandisha yangu. Mume wangu ndiye aliyetuona. Alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vya kazi. Akainua kichwa, akatutazama, akamwambia dada yake mkubwa taratibu, "Yaya, uko juu ya muguu yake."

Wifi akaruka, sahani zikagongana. Sote watatu tukatazama chini. Vidole vilikuwa vimebonyea, alama za kandambili zimechorwa juu ya ngozi. Kisha wakanitazama usoni, kama watu wanaosubiri mtoto aliyeanguka aanze kulia. Sikulia, maana sikuwa na cha kulilia. Na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko hata siku ya hospitali.

Hospitali walisema ni AVC, yaani kiharusi. Kiliniangusha darasani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa komuni ya Kenya, yaani mtaa wa Lubumbashi, Kongo, na siku ile nilikuwa nimewapa watoto mgongo, naandika ubaoni. Nilipotaka kugeuka niwakemee waliokuwa wanacheka nyuma, mguu wa kushoto ukakataa kugeuka nami. Nikaanguka na kemeo langu mdomoni. Watoto wakadhani ni mchezo, wakacheka zaidi.

Mdomo ulinyooka baada ya muda. Mkono ukarudi, kwanza mzito, kisha mwepesi. Hata nguvu za mguu zilirudi, nikatembea nimeshika ukuta, halafu fimbo, halafu bila fimbo. Watu wa kanisa wakaanza kunipongeza. "Mama, Mungu amefanya!" Nikawa naitikia tu, kwa sababu nani ataanza kueleza mlangoni mwa kanisa kwamba kuanzia kifundo kwenda chini hasikii kitu? Nilikuwa naupeleka mguu mbele kwa kuutazama. Nikiangalia pembeni, sijui kama umefika chini au bado. Siku moja nilivuka barabara ya soko nikiwa na kandambili moja, nyingine imebaki katikati ya lami, pikipiki zinaikwepa. Vijana wa pikipiki wakapiga kelele, "Mama, kiatu! Mama, kiatu!" Nikadhani wanamwambia mwingine. Nikafika ng'ambo nikimcheka huyo mzembe asiyechunga viatu vyake.

Sasa wifi. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Mama yao alikufa mapema, na yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, akamwogesha, akamlisha, mpaka akajifunza kuchomelea vyuma. Kwa hiyo mume wangu, mwanaume mwenye mabega kama mlango, mbele ya dada yake ni mtoto. Nilipolazwa, wifi alishuka kutoka Kambove siku iliyofuata na mfuko wa unga kichwani na kuku kwapani. Akaingia jikoni kwangu, akahamisha kila kitu. Mwiko wangu ukatundikwa kwenye msumari mwingine. Chumvi ikahamia mahali ambapo mpaka leo naitafuta. Alinifulia, alinibeba chooni, alinikogesha wakati siwezi hata kujigeuza, na hayo sitayasahau mpaka nakufa. Na nilikuwa simpendi. Nasema ukweli wangu. Mtu anaweza kukusafisha haja yako na bado ukatamani apande gari leo hii aende kwake.

Shida ni kwamba hakutaka kwenda peke yake.

"Mvua ya kwanza ikinyesha, minarudi ku shamba," alisema siku ile ile aliyonikanyaga, sahani bado ziko mikononi. "Na weye utaenda na miye."

"Kwenda wapi?"

"Ku Kambove. Batoto yako beko mbali, mume iko ku kazi tangu asubui. Muntu haisikie muguu yake, nitamuacha peke yake na mbabula ya makala? Utawaka na hautajua. Ni kwa muda kidogo, mupaka utapona."

Kwa muda kidogo. Maneno hayo nayajua. Wazazi wangu ni watu wa Kasai, mimi nilizaliwa Likasi, barabara hiyo hiyo ya kwenda Kambove. Nikiwa msichana, wakati ulifika watu wa kwetu tukaambiwa tuondoke Katanga, mkoa huu. Baba alifunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, akatuambia ni kwa muda. Tulilala stesheni ya treni pamoja na majirani, juu ya mizigo yetu, tukingoja mabehewa. Nyumba ile hatukuingia tena. Ufunguo ulikaa kwa mama mpaka ukashika kutu. Nilirudi Katanga nikiwa mkubwa, nikaolewa na mtu wa huku huku, na nikajiapia kwamba mimi kutoka nyumbani kwangu kwa muda, hapana. Hii nyumba yangu ya vyumba viwili na veranda ya saruji iliyopasuka, nitatoka humo nimebebwa.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Papa, sema kintu."

"Yaya anasema vile juu ya kukupenda," akajibu.

Nikamwambia ayapeleke mapenzi hayo karakana akayachomelee geti. Akatoka bila kumaliza chai. Nikakitua kikombe kwa hasira hadi kikanimwagikia, na chai yenyewe, mamu wanyi, mama yangu mie, ilinimwagikia juu ya mguu ule ule. Nikaona mvuke unapanda, sikusikia lolote. Wifi alikuwa anaangalia.

Jioni akaja na sharti lake. Alikuwa ametulia, na akitulia ndipo anapotisha. "Bon," akasema. "Siku utapika bukari weye peke yako, mu nyungu kubwa, na sisi tukule, nitakuacha hapa. Kama mvua inakukuta haujapika, tunaenda sisi wote." Mume wangu, ambaye alikuwa amerudi na kukaa pembeni, akatikisa kichwa kukubali. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Msomaji asiyetoka kwetu atasema, kupika bukari, yaani ugali, nako ni kitu? Ngoja. Bukari yetu tunaianza juu ya mbabula, jiko letu la makaa, maji na unga kidogo, mpaka ichemke na kutoa mapovu. Ukifika wakati wa kuongeza unga na kuisonga iwe ngumu, nyungu, sufuria yetu, inateremshwa chini. Unakaa kwenye kigoda, unaibana nyungu kwa nyayo zako mbili, kitambaa kilichokunjwa kila upande, na unasonga kwa mikono yote miwili na mgongo mzima. Nyungu imetoka kwenye makaa sasa hivi. Ukiibana kidogo, inazunguka pamoja na mwiko. Ukiibana sana, kitambaa kinateleza na ngozi inagusa chuma. Hakuna mwanamke anayefikiria mambo hayo, nyayo zinajua zenyewe tangu utoto. Wangu mmoja ulikuwa haujui kitu.

Basi nikamwendea kine wangu kwa moyo mwingine. Kine ndivyo tunavyomwita mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huyu alikuwa mwanaume mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kunung'unika wimbo akifikiri, katika chumba kimoja kule mjini kinachonuka sabuni ya sakafu. Nilimweleza habari ya bukari na mvua. Hakucheka. Akasema ubongo wangu umesahau njia ya kwenda mguuni na lazima tuutembeze upya, taratibu, na njia nyingine hazifunguki kabisa. Nikamwambia hilo la mwisho alimeze. Akalimeza.

"Mama, funga macho." Ndiyo ilikuwa kazi yetu. Anaupitisha mswaki mkubwa kwenye unyayo wa kulia, ule mzima. Halafu kijiko baridi. Halafu sifongo, halafu kipande cha gunia. Kisha vile vile kwa wa kushoto. "Ni nini?"

"Mswaki."

"Sijaweka kitu, mama."

Jamani, aibu. Mimi ndiye ninayetoa mitihani mahali ninapofanya kazi! Kukaa pale na macho yaliyofungwa, kukosa swali, kukosa tena, kusikia yule mwanaume ananung'unika wimbo wake kwa huruma, nilitaka kumpiga na kile kijiko. Nikaanza kubahatisha. Nikaanza kusikiliza kiti chake kinavyolia ili nijue ameinama upande gani. Alinigundua upesi, akahama kiti, akakaa sakafuni.

Nyumbani alinipa kazi ya beseni. Punje za mahindi, kesho maharagwe, kesho kutwa mchanga. Natia mguu mzima, nausikiliza, halafu natia mgonjwa na kujaribu kukumbuka. Na akanionya mambo mawili. La kwanza, kitu cha moto kisikaribie mguu ule, maji yoyote niyapime kwa mkono. La pili, mguu ukianza kuamka utasema uongo. "Unaweza kuona unawaka na hakuna moto. Kwa hiyo usiuulize kama kunauma, usiuulize kama ni moto. Uliza wapi. Kama hauna jibu ya wapi, achana nao. Kama unakuonyesha pahali, uamini."

Nikaenda nyumbani nikiurudia ule msemo njiani kama mtoto anayetumwa dukani.

Siku zikawa zinakwenda. Upepo wa kiangazi ukapungua, joto likapanda, vumbi jekundu likasimama hewani bila kushuka. Jioni kulianza kuwa na mawingu upande wa mlima wa masalia ya kiwanda cha shaba, ule mweusi unaouona ukiwa popote mjini, na kila wifi alipotoka nje alitazama kule kwanza. Na mimi nilitazama. Beseni la mahindi halikuwa limeniambia chochote. Nilikuwa nakanyaga punje, nakanyaga punje, unyayo mmoja unachomwachomwa na mwingine umelala kama mguu wa meza.

Wifi akaja na dawa yake. "Huyu kine anacheza na weye," akasema. "Muguu iko baridi, njo maana imelala. Inaomba moto." Akachemsha maji na chumvi na majani aliyoyaleta kutoka kwao, akaumimina mchanganyiko ule kwenye beseni langu la mazoezi, akauchukua mguu wangu akauweka ndani. Nilijua nilichoambiwa. Lakini mawingu nilikuwa nayaona, na kine aliniomba subira, na subira sikuwa nayo hata ya kuazima. Nikamwacha.

"Iko moto sana?" akaniuliza, birika mkononi.

"Hapana."

"Niongeze?"

"Ongeza."

Akaongeza. Akauliza tena, nikamjibu tena. Alikuwa makini, maskini, hakumimina hata tone bila kuniuliza. Watu wazima wawili, mmoja wao mwalimu, tunauliza mguu usiosikia kama maji ni ya moto! Na nilikuwa namjibu kwa moyo safi. Hata nilisinzia kidogo, nikifikiri labda huu utulivu ndio kupona.

Asubuhi mume wangu alikuta shuka limelowa. Akaufunua mguu, akamwita dada yake. Ngozi ya juu ilikuwa imevimba maji, imejitenga, upande mzima wa nje kuelekea kwenye vidole. Wifi alitazama, birika la jana liko pale pale mlangoni. Akakaa chini kwenye saruji, mikono kichwani. "Mayo," alikuwa anasema, akimwita mama. "Mayo, mayo, nimemuchoma." Mimi niliyeungua nilikuwa nimekaa tu, nazama katika woga, kwa sababu hata wakati wanaifunua ile ngozi sikusikia maumivu. Hapo niliamini kwa mara ya kwanza kwamba nitakwenda Kambove.

Kine alikasirika hadi akaacha kunung'unika wimbo. Alifunga kidonda, akakataza beseni, akakataza mazoezi ya unyayo mpaka kikauke. Nikamuuliza kitakauka lini. Akasema kidonda hakina haraka. Nikamwambia mvua inayo.

Tangu siku ile wifi hakunigusa mguu tena. Hakuniomba msamaha kwa maneno, si mtindo wake. Alianza kuniwekea kipande kikubwa cha samaki. Na redio ya jirani ikawa inapiga kelele bila mtu kuijibu.

Kidonda kilipokuwa kinafunga, moto ukaanza. Nimekaa kivulini, mguu juu ya kiti, mara unawaka wote, kuanzia kifundo hadi vidole, kama umepakwa pilipili. Nilipiga kelele. Mume wangu akaja mbio na ndoo. Tukautazama, hakuna kitu. Ukawaka tena kanisani katikati ya sala, nikasema "Toka!" kwa sauti, watu wakadhani namfukuza shetani, wakaitikia amina. Wifi alitikisa kichwa. "Iko mu kichwa," akasema. Kine, yeye, alifurahi, akaanza wimbo wake upya. "Ni njia inafunguka, mama. Lakini uongo bado ni mwingi. Unauliza?"

Nilikuwa nauliza. Wapi? Mguu unajibu, kote. Wapi? Kote. Basi nyamaza, mwongo wewe. Nikajifunza kukaa na moto ule na kuendelea kumenya viazi.

Jumapili moja tulitoka kanisani, mawingu yakiwa meusi, yameshuka karibu na mapaa. Upepo ulinuka mvua. Wifi alikuwa ameshautoa mfuko wake mkubwa uvunguni. Nikavua nguo za kanisa, nikafunga kitenge cha kazi, nikasema, "Leo napika."

"Kidonda haijakauka muzuri," wifi akasema.

"Imekauka. Nyungu kubwa iko wapi? Na chumvi, na mwiko? Vyote umevificha."

Akanitolea, halafu akaenda kukaa mbali, ukutani, viganja ameviweka kwapani kama anavifunga visije vikanisaidia. Mume wangu akasimama mlangoni. Niliwasha makaa mwenyewe hapo uani. Maji yakachemka, nikatia unga, nikakoroga, mapovu yakaanza kupasuka. Nilijiambia tu, wanawake wote wa mtaa huu wanafanya hivi kila siku wakiwa wanasengenya.

Nikateremsha nyungu. Nikakunja vitambaa, nikakaa kwenye kigoda, nikaweka wa kulia, halafu nikautazama wa kushoto, nikauweka kwa macho. Nikaongeza unga, nikaanza kusonga. Nyungu ikazunguka pamoja na mwiko. Nikasikia wifi anavuta pumzi. Nikautazama mguu, nikaubana, nyungu ikasimama. Nikaongeza unga. Mradi naona, unatii. Lakini bukari ikianza kukaza lazima uinamie kwa mgongo wote, na mvuke unapanda, na jasho linashuka, na mimi sikuwa tena na macho ya kutazama chochote. Nikayafunga. Nikawa nasonga gizani.

Moto ukaja. Mguu wote, kama kawaida yake. Wapi? Kote. Nyamaza. Nikasonga. Bukari ilikuwa inakuja vizuri, inaachana na kuta za nyungu, inabaki kuigeuza kidogo tu na kuipa moto wa mwisho. Kidogo tu na nyumba ni yangu.

Ukaja mwingine. Huu haukuwa kama ule. Ulikuwa mdogo, mkali, umesimama mahali. Nikauuliza wapi, ukasema hapa. Chini ya kifundo, upande wa ndani, pasipozidi kifuniko cha chupa.

Nikasonga bado. Naomba mnielewe. Nikiachia, nyungu itapinduka na bukari nzima, na wifi ametoa mfuko wake uvunguni. Nikiendelea na ukawa ni moto wa kweli, nitaungua upya na nitakwenda Kambove nimefungwa bandeji. Nikiachia na ukawa ni uongo, nimetupa nyumba yangu kwa sababu ya ndoto ya mguu. Kwa miezi yote ile mguu huu ulikuwa umenyamaza nilipoungua na umepiga kelele nilipokaa kivulini. Ni nani angemwamini shahidi wa namna hiyo? Mikono yangu ilikuwa inaendelea yenyewe, inageuza, inageuza. Nikauuliza tena, wapi. Pale pale.

Nikaachia.

Nyungu ikalala, ikajiviringisha, nusu ya bukari ikamwagika mchangani na mvuke wake. Nikasikia "Mayo!" na viatu vya mume wangu. Nilikuwa nimekaa na mwiko juu, macho nimeyafunga bado, nalia kama mtoto aliyenyang'anywa. Sikutaka kuyafungua niione ile bukari chini. Niliiona Kambove, niliuona ufunguo wa baba.

"Ni nini?" wifi akapiga kelele juu yangu. "Ni nini tena?"

"Iliniwaka!"

"Ile moto yako ya kichwa!"

"Hapana! Iliniwaka hapa!"

"Hapa wapi?"

Nikapeleka kidole bila kutazama, nikakiweka. Nikasikia anapiga magoti, nikasikia, ndiyo, nasema nikasikia, kitambaa kinavutwa kutoka kwenye unyayo wangu. Kilikuwa kimeteleza hadi kisiginoni.

"Fungula macho," akasema.

Chini ya ncha ya kidole changu palikuwa na alama nyekundu, ndogo, upande wa ndani. Malengelenge hayakuwepo, ngozi ilikuwa nzima. Niliondoa mguu mapema. Wifi akapagusa kwa kidole chake kigumu cha jembe, nami nikaurusha mguu na kumtukana kwa Kiluba cha Kasai, matusi ambayo mama yangu alidhani siyajui. Hakuelewa neno hata moja. Akaushika mguu tena, akaupuliza, akaupuliza, machozi yanamdondoka puani.

"Ile siku ya maji," akasema, "juu ya nini muguu haikusema?"

Nikamshika bega.

Mume wangu ndiye aliyeinua nyungu. Akatazama ndani, akaleta sahani, akachota ile iliyobaki, akatuwekea sombe, ile kisamvu, pembeni. Tukala pale pale chini. Ilikuwa haijaiva vizuri, unga ulikuwa unasikika mdomoni, na tukaendelea kumega matonge. Mume wangu akamaliza tonge, akapangusa mkono, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akamtazama dada yake machoni. "Yaya, mama wa batoto atabakia hapa."

"Nani amekuuliza?" wifi akamjibu, akaenda kuosha nyungu.

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Na mimi, ambaye mdomo wangu haujui kupumzika, nikaogopa kumuuliza.

Mvua ilinyesha usiku wa Jumanne, ile ya kwanza, yenye kishindo juu ya mabati. Nilipoamka, yadi ilikuwa matope mekundu na wifi alikuwa ameshavaa. Mfuko wake mkubwa ulikuwa kwenye veranda. Kando yake ulikuwa wangu, ule wa kitambaa, umejaa, umefungwa na kamba. Moto ulinishika kifuani, na huu sikuwa na haja ya kuuliza wapi. Pikipiki iliyoitwa ilikuwa inanguruma nje ya geti. Mume wangu alisimama, mabega yake yote yameanguka.

Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki mlangoni, nikashika mikono ya kiti. Nilikuwa nimeamua kwamba watanibeba nacho.

Wifi alikuja hadi mbele yangu. Alikuwa amevaa viatu vya safari, vile vya kufunga. Akanitazama usoni, hakutazama chini hata kidogo. Akainua mguu wake, akanikanyaga.

"Yaya!" nikapiga kelele. "Unaniumiza! Toka!"

"Wapi?" akauliza, bado amesimama juu yangu.

"Kidole ya mwisho! Ile ndogo! Toka, mwanamuke weye!"

Akatoka. Akatikisa kichwa, midomo inamcheza. Halafu akainama, akachukua mfuko wake, akajitwika kichwani, akashuka kwenye matope kuelekea getini. Wangu aliuacha pale pale kwenye veranda.